Wakemia, kazi zipo au tunadanganyana? Uzi wa walio ndani, waliotolewa na walio mlangoni

Bureti_Kongwe (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Kila baada ya wiki mbili humu anaingia mtu na swali lile lile: nimemaliza kemia, kazi ziko wapi? Anajibiwa "rudi ukasome kompyuta", wawili wanacheka, uzi unazama. Leo nimesema niandike kwa kituo. Nimekaa maabara miaka 21, na ndani ya hiyo 21 kuna miezi 14 niliyokaa nyumbani bila kazi huku cheti cha uzamivu kikiwa kwenye bahasha. Sisimulii ya kuambiwa.

Kwanza takwimu, maana ndizo zinazotugombanisha. Chama cha Kemia cha Marekani, ACS, huwauliza wanachama wake kuhusu kazi na mishahara. Machi 2011, kipindi ambacho kila mkemia wa umri wangu anakikumbuka vibaya, waliosema hawana kazi walikuwa asilimia 4.6. Nchi nzima wakati huo ilikuwa karibu asilimia 9. Ukiisoma hivyo unaona mkemia ana nafuu, na sibishi, nafuu ipo. Sasa uliza nani hakuhesabiwa. Aliyeacha uanachama kwa sababu ada imemshinda hayumo. Mwenye uzamivu anayeuza bima anaandikwa ana kazi. Anayezunguka kwenye mikataba ya utafiti ya mwaka mmoja mmoja anaandikwa ana kazi. Aliyechoka kutafuta haandikwi popote.

Kuna mfano unaoniuma kila nikiukumbuka. Douglas Prasher ndiye aliyeipata na kuinakili jeni ya protini ya kijani inayong'aa, ile inayotoka kwa yavuyavu, akaichapisha mwaka 1992. Fedha za utafiti zikamwishia. Kabla hajaondoka akawagawia wenzake ile jeni. Nobel ya Kemia ya 2008 ilipotolewa kwa ajili ya protini hiyo, majina yaliyosomwa yalikuwa Shimomura, Chalfie na Tsien, na wawili wa mwisho ndio aliokuwa amewapa jeni. Prasher wakati huo alikuwa dereva wa gari la kuwabeba wateja wa duka la magari huko Huntsville, Alabama. Kwenye takwimu za ajira huyo ni mtu mwenye kazi.

Sasa yaliyonikuta mimi. Nilikuwa mtu wa usanisi. Unapewa mchoro wa molekuli, unaijenga, unaipeleka kwa wanabiolojia, wanakwambia haifanyi kitu, unabadilisha pembe moja, unaijenga upya. Raha tupu, na sijui kama nitapata tena kazi niliyoipenda vile. Kampuni kubwa za dawa zilikuwa na watu wa namna yetu kwa mamia. Kilichotukuta baadaye watu wanakisimulia kama laana, kumbe ilikuwa hesabu ya kujumlisha na kutoa. Lipitor, dawa ya kolesteroli ya kampuni ya Pfizer, iliingiza karibu dola bilioni 13 mwaka 2006. Novemba 2011 wengine wakaruhusiwa kuitengeneza Marekani. Kampuni iliyobebwa na dawa moja ikijua tarehe ambayo mbebaji ataanguka, inaanza kukata mapema, na rahisi kukata ni utafiti ambao matunda yake yatakuja baada ya miaka 10 au 12. Juu ya hapo zikaja ndoa: mwaka 2009 Pfizer ikaichukua Wyeth, Merck ikaichukua Schering-Plough. Kampuni mbili zikioana, maabara mbili zinakuwa moja na nusu, halafu moja.

Tarehe 1 Februari 2011 Pfizer ikatangaza kuondoka Sandwich, kule Kent, Uingereza, watu karibu 2,400. Hapo ndipo Viagra ilipozaliwa. Miaka minne kabla ilikuwa imetangaza kufunga kituo cha Ann Arbor, Michigan, ambako Lipitor yenyewe ilizaliwa. Yaani mahali palipozaa dawa iliyokuwa ikiuzwa kuliko zote pamefungwa wakati dawa bado inauzwa! Tangu niliposoma hilo nimeacha kuamini kwamba kufanya kazi vizuri ni kinga.

Kwetu (kampuni siitaji) tuliitwa ukumbini kwa mafungu mawili, saa tatu na saa nne. Fungu la saa tatu lilirudi kwenye meza zake. Mimi barua yangu ilisema saa nne.

Ule usanisi haukufa. Ulihama. Sehemu kubwa ilikwenda kwa makandarasi wa utafiti, kina WuXi AppTec walioanza China mwaka 2000, Syngene ya Bangalore na wengine wengi. Hesabu ya molekuli zinazotengenezwa duniani haikushuka, kilichobadilika ni meza. Miezi 14 niliyokaa nyumbani nilikuwa natuma maombi kwenye meza ambazo hazipo tena. Mtu akiniuliza kosa langu lilikuwa nini, ni hilo, na lilinigharimu akiba yote.

Nitaendelea. Karibuni walio ndani waseme yao.

---

MwanaMole

Shikamoo mkuu. Umenigusa.

Niko mwaka wa mwisho wa shahada ya kwanza. Nimetuma maombi 63, yaliyojibiwa 4, yote "tunasikitika kukujulisha". Matangazo yanataka uzoefu wa miaka miwili kwa kazi ambayo wenyewe wanaiita ya kuanzia. Profesa wangu ananishawishi nibaki nifanye uzamivu kwake, usanisi wa molekuli za mimea. Anasema soko litakuwa limekaa sawa nikimaliza. Nikisoma ulichoandika naona kama nakaribishwa kwenye meli uliyoshukia wewe.

Nifanyeje?

---

Msema_Ovyo

Mdogo wangu kimbia. Kemia imekwisha. Akili mnemba inabuni dawa, roboti linachanganya, wewe utabaki kuosha vyombo. Na kuna mashine za kuosha vyombo.

---

Posidoki_wa_Tatu

Mkataba wangu wa tatu wa utafiti. Mwaka wa sita tangu nitetee tasnifu. Kila mkataba ukiisha nahamisha vitabu vile vile kwenye maboksi yale yale.

Sitakukataza uzamivu, lakini kabla ya kusema ndiyo muulize huyo profesa: wanafunzi wako watano wa mwisho wako wapi leo? Mmoja mmoja, kwa majina, wanafanya nini. Akijibu "wote wanaendelea vizuri", hajui. Mimi sikuuliza.

Na hilo la "soko litakuwa limekaa sawa": uzamivu ni miaka minne mpaka sita. Hakuna anayejua soko la miaka sita ijayo, pamoja na wanaolipwa kulijua.

---

DadaKromatogramu

Kaka Bureti, nimekusoma mpaka mwisho, pole kwa yaliyokupata. Ila niseme ukweli, hizi nyuzi za wakemia kila siku zinaandikwa na watu wa usanisi walioachwa na mchumba. Sisi wa udhibiti wa ubora tulikuwepo muda wote, chumba cha jirani, na mlikuwa mnapita mlangoni mkituita "wapimaji".

MwanaMole, sikiliza mdogo wangu. Kazi nyingi za kemia duniani hazijengi molekuli yoyote mpya. Zinajibu maswali mawili: hiki ni nini, na kimo kiasi gani. Kidonge, maji, rangi, mafuta, saruji, damu, udongo. Mtu hawezi kuuza kitu bila jibu la maswali hayo mawili kutiwa sahihi na mkemia. Sheria ndiyo inayotuajiri, siyo mapenzi ya mtu kwa kemia.

Nikupe mifano. Mwaka 1993 mahakama moja ya Marekani, kwenye kesi ya serikali dhidi ya Barr Laboratories, ilikataa ule mchezo wa kupima sampuli tena na tena mpaka ipite. Jaji alisema tokeo likitoka nje ya kipimo lazima lichunguzwe, na sababu iandikwe. Ukurasa huo mmoja wa hukumu umelisha familia nyingi za wakemia kuliko mkutano wowote wa sayansi. Leo kila kiwanda cha dawa kinachojiheshimu kina watu ambao kazi yao ni kuchunguza matokeo yaliyotoka nje.

Halafu Julai 2018. Dawa ya shinikizo la damu, valsartan, ikakutwa na NDMA, kitu kinachodhaniwa kusababisha saratani. Kilitoka wapi? Njia ya kutengeneza kiambata ilikuwa imebadilishwa: ndani ya kiyeyushi cha DMF wakatumia naitraiti ya sodiamu kuua masalia ya azidi. DMF ikivunjika kidogo inatoa dimethilamini, naitraiti kwenye asidi inatoa asidi ya naitrasi, hivyo viwili vikikutana unapata NDMA. Kemia ya mwaka wa pili hiyo, ila hakuna aliyeitafuta, na vifaa vilivyokuwa vikitumika kupima usafi havikuiona. Kikomo kilichowekwa ni nanogramu 96 kwa siku. Nanogramu! Ghafla kila mtengenezaji wa dawa akatakiwa kukagua dawa zake zote kwa hatari hiyo. Niliyekuwa nikijua kuendesha LC-MS, chombo kinachotenganisha kemikali na kuzitambua kwa uzito wa molekuli, nilipigiwa simu na watu wanne ndani ya mwezi mmoja. Sikuwa nimetuma ombi hata moja.

Sasa nisikudanganye kuhusu upande wa pili. Nimepima kidonge kile kile zaidi ya mara 400. Zamu za usiku zipo. Mshahara wa kuanzia uko chini ya wa mtu wa utafiti mwenye uzamivu, na ukikaa benchi miaka 8 bila kusogea kwenye kutengeneza mbinu au kusimamia mifumo ya ubora, unabaki hapo hapo. Kuna watu wamezeeka wakijaza daftari. Lakini miezi 14 nyumbani sijawahi kukaa.

---

Bureti_Kongwe

Marahaba MwanaMole, na Dada Kromatogramu nimepokea viboko vyangu, nilivistahili.

Yeye kanimalizia hadithi bila kujua. Kazi niliyoipata baada ya ile miezi 14 ilikuwa ya kupima uchafu kwenye dawa. Kwenye wasifu wangu nilikuwa nimeorodhesha molekuli, machapisho, tuzo. Aliyenisaili alipitisha macho yote hayo kama anatafuta kitu kilichomdondoka. Akasimama kwenye mstari mmoja wa chini ambao niliuweka kujaza nafasi: kwamba kwa miaka mitatu ndiye niliyekuwa nahudumia HPLC ya kundi letu, yaani chombo cha kutenganisha na kupima vilivyomo kwenye sampuli, kwa sababu fundi alikuwa haji. Tukaongea saa nzima kuhusu pampu. Molekuli hakuuliza hata moja.

Sikuipenda kazi ile mwaka wa kwanza. Niliona nimeshushwa. Mwaka wa pili nikagundua kwamba mtu wa usanisi anayejua kupima ana kitu ambacho mpimaji hana: akiona kilele kigeni kwenye kromatogramu, ule mchoro unaotoka kwenye HPLC, anaweza kukisia kimezaliwa na mmenyuko gani. Nilikuwa nimebeba mtaji nikidhani ni mzigo.

Msema_Ovyo, jina lako linakutosha.

---

Zebaki

Niko upande wa udhibiti wa kemikali, kanuni na usajili. Sijagusa bika kwa miaka 9 na bado naitwa mkemia.

Sehemu hii ya soko haitajwi vyuoni kabisa. REACH, kanuni ya kemikali ya Umoja wa Ulaya, ilianza kutumika tarehe 1 Juni 2007. Msingi wake ni kwamba bila data hakuna soko. Anayetengeneza au kuingiza kemikali kuanzia tani 1 kwa mwaka lazima aisajili, na zile zilizokuwa sokoni tangu zamani zilipewa tarehe za mwisho tatu: 2010, 2013 na 2018, kubwa kwanza, ndogo mwisho. Kila jalada la usajili linahitaji mtu anayeweza kusoma spektra, kuelewa sumu, na kuandika sentensi ambayo mwanasheria hataitoboa. Watu wa namna hiyo walikuwa adimu, wakapanda bei.

Sasa hivi zamu ni ya PFAS, zile kemikali zenye kaboni na florini zisizooza. Wakala wa mazingira wa Marekani, EPA, Aprili 2024 uliweka kikomo cha nanogramu 4 kwa lita ya maji ya kunywa kwa PFOA na vivyo hivyo PFOS, mbili kati ya kemikali hizo. Ukitaka kujua ukali wake, kwenye kiwango hicho maabara yenyewe inaweza kuichafua sampuli: mirija ya Teflon ndani ya chombo, vifuniko vya chupa, hata nguo zilizotiwa dawa ya kuzuia maji. Kumfundisha mtu kupima hivyo bila kujipima mwenyewe ni kazi ya miezi.

Ubaya wa soko linaloletwa na sheria ni kwamba sheria huandikwa na wanasiasa, na wanasiasa hubadilika. Tarehe husogezwa, vikomo hulegezwa. Nimeona timu nzima ikiajiriwa kwa ajili ya tarehe ya mwisho na kuagwa mwezi mmoja baada ya tarehe kupita. Kwa hiyo dada yangu Kromatogramu, sheria inaajiri, na sheria inafukuza pia.

Kuhusu roboti. Lile la Chuo Kikuu cha Liverpool lililotangazwa 2020 lilifanya majaribio 688 ndani ya siku 8, likitembea lenyewe kutoka kituo hadi kituo kutafuta kichocheo cha kutoa haidrojeni kwenye maji kwa nguvu ya mwanga. Kasi hiyo siwezi kuibeza. Lakini aliyechagua lijaribu nini, kati ya vigeu gani 10, na kipi kihesabiwe kuwa mafanikio, alikuwa mkemia. Anayepaswa kuogopa ni yule ambaye siku yake nzima ni kupima mililita, kutikisa, kuandika, kupima mililita. Huyo aogope kweli, namwambia kama ndugu. Nafasi za chini za maabara ndizo zitakazopungua kwanza, na ndizo ambazo MwanaMole anaziomba. Hapo sina jibu tamu.

---

Msema_Ovyo

Kwa hiyo nilisema kweli ila kwa maneno machache.

---

Fundi_Mtambo

Nimecheka hapo juu 😂

Mimi ni mkemia wa mchakato, yaani nakaa kati ya maabara na kiwanda. Hakuna aliyetutaja kwa sababu tunanuka amonia.

Mkemia wa maabara anakuja na karatasi yake, mmenyuko umefanya kazi kwenye chupa ya mililita 100, mavuno asilimia 92, kila mtu anapiga makofi. Unaupeleka kwenye tangi la lita 4,000. Ujazo umeongezeka mara 40,000. Eneo la ukuta wa kutolea joto kwa kila lita limepungua mara 34 hivi. Kule kwenye chupa joto lilikuwa linatoroka lenyewe, yeye hata hakujua kwamba mmenyuko wake unatoa joto. Kwenye tangi joto halina pa kwenda. Linapanda, mmenyuko unaongeza kasi, kasi inaongeza joto, na baada ya hapo unasoma habari zako magazetini. Kazi yangu ni kujua hilo kabla halijatokea: nipime joto kwa kalorimeta, niamue kiambata kimoja kiingie tone kwa tone kwa saa sita, nibadilishe kiyeyushi, nione kama fuwele zitachujika au zitakuwa uji unaoziba chujio kwa siku mbili.

Watu wa kufanya hivi ni wachache kila ninapokwenda. Wanafunzi wanatoka chuoni wanajua mifumo ya elektroni kwa vishale vizuri kabisa, ukimuuliza "tangi hili utalipozaje" anakutazama. MwanaMole, ukipata mafunzo kazini kiwandani, hata kwa kibarua cha miezi mitatu, nenda. Uchafuke.

Lakini viwanda navyo vina tumbo, na tumbo lake ni gesi. Angalia Ludwigshafen, Ujerumani. Oppau, ambayo leo ni sehemu ya mji huo, ndipo amonia ya njia ya Haber na Bosch ilipoanza kutengenezwa kiwandani mwaka 1913. Februari 2023 kampuni ya kemikali ya BASF ikatangaza kufunga mojawapo ya mitambo yake ya amonia hapo hapo Ludwigshafen, pamoja na mingine, na nafasi za kazi kama 2,600 kuondolewa, nyingi Ujerumani. Sababu kubwa ilikuwa bei ya gesi asilia baada ya vita vya Ukraine. Amonia inatumia gesi mara mbili, kama malighafi na kama moto. Mkemia wa pale hakukosea hesabu yoyote. Bomba tu lilifungwa mahali pengine.

Kwa hiyo ukichagua kiwanda angalia kinakula nini na kinakitoa wapi. Hilo silioni kwenye ushauri wowote wa ajira.

---

MwanaMole

Asanteni sana wakubwa zangu. Nimesoma kila kitu mara mbili.

Nimemuuliza profesa swali la Posidoki. Alikaa kimya kidogo, halafu akataja majina matatu. Mmoja yuko kampuni ya hataza anasoma maombi ya wavumbuzi, mmoja anafundisha sekondari, mmoja yuko kwenye betri. Wawili hakukumbuka. Ila alisema kitu kilichonishangaza: huyo wa betri hakuwahi kusoma betri, walimchukua kwa sababu alizoea kufanya kazi na vitu visivyotakiwa kuguswa na hewa wala unyevu.

Sijaamua kuhusu uzamivu. Nimemwambia anipe mwaka.

Swali langu sasa ni dogo. Kati ya maombi yale 63 kuna moja limejibu jana. Maabara ya kupima, mkataba wa miezi 9, zamu. Usaili Jumanne. Wataniuliza nini?

---

Posidoki_wa_Tatu

Wa betri huyo ana bahati, na bahati yake ilikuwa kwenye mikono. Boksi la glavu lenye gesi ya agoni badala ya hewa, mstari wa ombwe, kukausha viyeyushi. Wote tunafanya hivyo kila siku na hatuandiki kwenye wasifu kwa sababu tunaona ni kama kusema tunajua kufunga kamba za viatu.

Nitaandika usiku huu.

---

DadaKromatogramu

MwanaMole, hongera, na usidharau mkataba wa miezi 9. Ndiyo ile "miaka miwili ya uzoefu" inavyoanza.

Swali ninalowauliza wote ninaowasaili, na wenzangu wengi wanalo la namna hiyo: umekuja asubuhi, umewasha HPLC, umeingiza sampuli ya kulinganishia, vilele vyote vimechelewa kutoka kuliko jana. Unafanyaje? Nijibu hapa hapa bila kutafuta mtandaoni.

---

MwanaMole

Najaribu dada.

Kwanza siendelei na sampuli za kazi, nasimama. Naangalia mgandamizo wa pampu kama ni ule wa jana. Ukiwa chini, huenda kuna hewa kwenye pampu au kuna mahali panavuja, nafuata viungo kwa karatasi kavu. Naangalia kama kiyeyushi ni cha jana au kimetengenezwa upya, nani alikitengeneza, na pH ya bafa ilipimwa kabla ya kuongeza asetonitrili au baada. Halafu naangalia kama kolamu, ule mrija wa kutenganishia, ni ile ile.

Nikishindwa, naita mtu. Na naandika yote kwenye daftari kabla sijagusa kitu.

---

Bureti_Kongwe

"Kabla sijagusa kitu." Binti huyu mimi ningemchukua leo.

---

DadaKromatogramu

Tulia kaka, bado hajamaliza.

MwanaMole, vizuri, hasa hapo kwenye kusimama. Wengi wanabofya tena wakiomba Mungu. Umesahau mambo mawili. La kwanza, tazama kile kilele cha mwanzo kabisa, cha kitu ambacho kolamu haikishiki. Kama nacho kimechelewa kwa uwiano ule ule, tatizo ni mtiririko: pampu, hewa, uvujaji. Kama chenyewe kiko palepale na vingine ndivyo vimesogea, acha pampu, tatizo ni la kikemia: kiyeyushi, pH, kolamu. Na kama vilivyosogea ni vile tu vya asidi na besi, nenda moja kwa moja kwenye pH. Dakika moja ya kutazama inakuokolea asubuhi nzima.

La pili, halijoto ya kolamu. Nyuzi moja tu inaweza kusogeza muda wa kutoka kwa asilimia 1 au 2. Kuna siku tulihangaika mpaka adhuhuri, tumebadilisha kiyeyushi, tumebadilisha kolamu, kumbe mtu wa zamu ya usiku alikuwa amesikia joto akafungua dirisha, na mlango wa kikasha cha kolamu haufungi vizuri tangu mwaka uliopita.

Waulize na wewe kitu hiyo Jumanne: chombo chao kinahudumiwa na nani, na mara ya mwisho lini. Wakitazamana, ujue kazi ipo nyingi.

---

Fundi_Mtambo

Jumatano uje utuambie. Na ulizia viatu vya usalama, wakupe vyao, usinunue vyako.

---

Msema_Ovyo

Kila la heri mdogo wangu. Nilikuwa natania. Mimi mwenyewe nina shahada ya kemia, na hapa nasubiri kujua hiyo maabara inahitaji watu wangapi.

---

MwanaMole

Wawili, mkuu. Tangazo linafungwa Ijumaa. Nakutumia faragha.